Mjadala: Slaidi zipigwe marufuku kwenye vikao vya maamuzi?

Mleta mada:
Wakuu, mwaka 2004 Jeff Bezos, mwanzilishi wa kampuni ya biashara mtandaoni ya Amazon, alipiga marufuku slaidi kwenye vikao vya viongozi wake wakuu. Mwenye hoja analeta waraka usiozidi kurasa 6, wote wanausoma kimya kwanza, ndipo wanajadili. Taasisi zetu zifuate. Slaidi inaficha hoja mbovu: "kuongeza mauzo, kupunguza gharama, kushirikisha wadau" haisemi kipi kinaleta kipi. Ukilazimika kuandika sentensi kamili, pengo linaonekana.

Mchangiaji 1:
Napinga, mkuu. Kwetu waraka utaandikwa Kiingereza, mjadala uende Kiswahili. Meneja wa ghala anayejua kwa nini mzigo unakwama atanyamaza, na atashinda mwenye kalamu nzuri. Slaidi moja yenye grafu inatosha, mradi kichwa chake kitoe hitimisho: "Mzigo unachelewa ghalani, si barabarani", badala ya "Hali ya usafirishaji". Ukubwa wa herufi usipungue pointi 24. Ionyeshe, nyamaza waitazame, kisha ongea. Mtu hawezi kusoma na kukusikiliza kwa pamoja.

Mleta mada:
Hoja ya lugha ni nzito. Basi waraka uandikwe Kiswahili! Lakini tazama chombo cha anga Columbia. Januari 2003 kipande cha povu la kuhami joto kiligonga bawa lake la kushoto. Slaidi ya wahandisi iliyopelekwa NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa na kichwa cha kutuliza. Mstari wa chini kabisa ndio uliosema povu hilo lilikadiriwa inchi za ujazo 1,920, ilhali lililotumika kwenye majaribio lilikuwa 3. Mara 640! Februari 1 chombo kilisambaratika, wanaanga 7 wakafa. Bodi ya uchunguzi ilikosoa mazoea ya kutumia slaidi badala ya ripoti za kiufundi.

Mchangiaji 2:
Wanaotaka kujaribu: aya ya kwanza iombe uamuzi, yaani nani afanye nini, kwa shilingi ngapi, kufikia lini. Tengeni dakika 3 kwa kila ukurasa, humo humo kikaoni, maana waraka uliotumwa jana hausomwi na watu wanajifanya wameusoma. Majedwali yawe kiambatisho. Bosi aongee mwisho. Akitangulia, wengine wataitikia tu.

Mchangiaji 1:
Kwa kikao cha bajeti cha watu kumi, sawa. Mkutano mkuu wa SACCOS wenye wanachama 300 je? Pale uamuzi unapatikana kwa kusikia, na asiyejua kuongea atapoteza kura hata waraka wake uwe bora kiasi gani.