Stetho na shime sikio kwa mwanafunzi wa uuguzi, Moshi

binti_rau
Habari zenu wadau. Mdogo wangu anaanza diploma ya uuguzi hapa Moshi. Usikivu wake umepungua kwa kiwango cha kati masikio yote mawili, anavaa shime sikio (vifaa vya kukuza sauti) za nyuma ya sikio. Akiwa nazo, ncha za stetho (kile kifaa cha kusikilizia moyo na mapafu) haziingii. Akizivua, anahofia hatasikia presha. Na wodini kila mtu ana barakoa, hawezi kusoma midomo. Aanzie wapi?

fundi_usikivu
Dada, asinunue stetho kwanza. Aende kitengo cha masikio, pua na koo pale KCMC apimwe upya, apewe audiogramu yake (mchoro wa matokeo ya kipimo cha usikivu), kisha aangalie upande wa kushoto wa mchoro, 250 na 500 Hz. Sauti za presha na za moyo ni nzito, ziko huko chini. Wengi waliopoteza sauti nyembamba bado wanazipata, na hao stetho ya kawaida inawatosha, shime sikio ikiwa mfukoni. Mapafu ni habari nyingine, kifua kinachobana hulia kwa sauti ya juu zaidi.

Kama na huko chini pameshuka, atafute stetho ya kielektroniki yenye bluetooth au tundu la hedifoni, na hedifoni kubwa za kufunika sikio pamoja na shime sikio yake. Hapa ndipo watu wanapotupa hela. Shime sikio imetengenezwa kwa ajili ya maongezi: hupunguza sauti nzito, kichuja kelele chake huona mapigo ya moyo ni kelele, na ikiwa na tundu la hewa hata kile kidogo kinavuja. Aende na stetho yenyewe kwa mtaalamu, aombe programu ya pili ya stetho tu, kichuja kimezimwa.

Kupima presha: ajaze hewa mkanda wa mkononi huku ameshika mapigo ya mkononi, yakipotea aongeze 30 mmHg, ashushe 2 hadi 3 kwa sekunde. Vidole vinampa presha ya juu tu, ya chini lazima aisikie. Asikimbilie mashine ya kielektroniki, hiyo inasoma mtetemo wa mkanda na mapigo yakirukaruka inadanganya.

nesi_pasua
Barakoa ni nusu ya tatizo. Hata midomo ikiwa wazi, sita na tisa hazitofautiani, sitini na tisini vilevile (baba na mama pia, jaribu kwenye kioo). Dozi yoyote ya mdomo airudie kwa sauti, tarakimu mojamoja, "sita, sifuri", kisha aonyeshe alichoandika. Zamu zikikabidhiwa asimame mkabala na anayesoma, si pembeni.

binti_rau
Asanteni sana. Na mtihani wa vitendo? Ile kengele ya kuhama kituo kimoja cha mtihani kwenda kingine?

nesi_pasua
Aombe kwa maandishi muhula ukianza, si wiki ya mtihani, aambatishe audiogramu na kutaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Aombe ishara ya mkono pamoja na kengele, maelekezo yaliyoandikwa kila kituo, na stetho ya kufundishia yenye masikio ya watu wawili, ili mtahini asikie kilekile.

fundi_usikivu
Niongeze kuhusu betri za shime sikio, zile zinazotumia hewa. Ukibandua stika hewa imeshaingia, kuirudishia hakuokoi kitu. Saizi 13 ina stika ya chungwa, 312 ya kahawia. Pakiti nzima ikae mfukoni zamu ya usiku. Masika jasho na unyevu huziba mrija wa shime sikio, kwa hiyo akizivua aziweke kwenye kopo lenye vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, kifuniko cha betri kikiwa wazi.