Kikombe, dropa au bomba: kipi kinafaa kupimia dawa ya maji dozi inapozidi kupungua?

Tulizo (mwanzisha mada)
Ndugu zangu, daktari amenipangia kupunguza dawa yangu hatua kwa hatua, na kwa ajili hiyo amenihamishia kwenye dawa ya maji yenye miligramu 20 katika kila mililita 5. Sasa nimefika miligramu 2, yaani nusu mililita, wakati alama ya chini kabisa ya kikombe kilichokuja na chupa ni mililita 2.5. Ninavyo pia dropa ya kudondoshea matone, na mabomba kama ya sindano: moja la mililita 5 na moja la mililita 1. Naomba msaada wa kuvilinganisha.

Mama Subira
Kikombe kiweke kando, na kijiko cha jikoni usikiguse kabisa. Bomba langu la mililita 5 lina mstari kila baada ya mililita 0.2, kwa hiyo nusu mililita inaangukia katikati ya mistari miwili na unabaki kukisia. La mililita 1 limegawanywa mara mia. Ukiambiwa ushuke hadi miligramu 1.8, ambayo ni mililita 0.45, kwenye bomba dogo utarudi mistari mitano inayoonekana wazi, ilhali kwenye lile kubwa tofauti hiyo ni robo tu ya nafasi moja.

Msafiri88
Mimi nilitumia dropa, matone 20 kwa mililita, na sikupata shida.

Mfamasia wa zamu
Ndugu Msafiri, hesabu hiyo ya matone 20 ni makadirio yanayokaribia maji ya kawaida. Dawa nzito hutoa tone la ukubwa mwingine, na hata dropa ileile ukiilaza kidogo tone hubadilika. Dropa ikubalike pale tu ilipotengenezwa kwa ajili ya dawa hiyohiyo.

Ndugu Tulizo, chukua bomba la mililita 1 la kunyweshea, lisilopokea sindano. La insulini liache, kwa sababu limeandikwa kwa yuniti badala ya mililita, na ni rahisi kulisoma vibaya. Kama lebo inasema dawa itikiswe, itikise kila mara, la sivyo juu ya chupa utakunywa dawa hafifu na chini utakunywa kali. Vuta, gonga bomba kwa kidole hadi mapovu yapande, yasukume nje, kisha usome kwenye ukingo wa mpira ulio karibu na mdomo wa bomba.

Jambo moja husahaulika: matone yanayobaki kwenye mdomo wa bomba hayamo katika kipimo. Ukiyasuuza kwa maji na kuyanywa leo, kesho ukayaacha, tofauti hiyo yaweza kukaribia hatua nzima ya mililita 0.05 kama ile ya mfano wa Mama Subira.

Tulizo
Nashukuru sana. Nakiri kwamba kwa wiki mbili nimekuwa nikibadilisha mabomba, na siku nyingine nikisuuza. Kizunguzungu nilichodhani kinatokana na kupunguza dawa huenda kilitoka hapo, na nitamweleza daktari kabla ya kushuka tena.

Mama Subira
Ukienda, mwombe mfamasia kizibo chenye tundu la kuingizia bomba, uweze kupindua chupa na kuvuta bila kumwaga. Na kila ukipewa chupa mpya, hakikisha bado imeandikwa miligramu 20 kwa mililita 5.