Nyumba za magogo za Vlkolínec zimedumu vipi?

Fundi wa Makete: Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimesoma habari za Vlkolínec, kijiji kidogo cha milimani nchini Slovakia kilichoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1993, na kilichonishangaza ni kwamba nyumba zake za kale ni za magogo. Huku kwetu nyumba ya mabanzi ya paini isipotunzwa huliwa na mchwa na kuoza mapema. Wenzetu waliwezaje, ilhali theluji huwaangukia kila mwaka?

Mwalimu, Iringa: Kijiji hicho kinatajwa katika maandishi tangu mwaka 1376, na sasa ni sehemu ya mji wa Ružomberok. Kipo mita 718 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Sidorovo, kwa hiyo Makete yenu imekipita mbali kwa urefu, ingawa si kwa baridi. Wakazi walikuwa wakulima, wafugaji na wakata miti. Mnara wa kengele, ambao nao ni wa mbao, ulijengwa mwaka 1770. Hata hivyo, tusiseme kwamba kila kitu kimedumu, kwani mwaka 1944, wakati wa uasi wa Waslovakia dhidi ya Wajerumani, sehemu ya kijiji iliteketezwa kwa moto.

Mpasua mbao, Mufindi: Nijibu upande wa ufundi. Magogo yale hayagusi ardhi, bali hulazwa juu ya msingi wa mawe, na hapo ndipo mabanzi yetu yanaposhindwa, maana wengi huyachimbia moja kwa moja kwenye udongo. Kuta hukandikwa udongo, kisha hupakwa chokaa nyeupe au rangi ya buluu, na paa huezekwa kwa vigae vya mbao vyenye mwinamo mkali ili maji yasituame.

Fundi wa Makete: Nashukuru sana, kaka. Je, chokaa ikipakwa juu ya paini mbichi itashika?

Mpasua mbao, Mufindi: Haitashika, kwa sababu mbao mbichi husinyaa zikikauka na chokaa hupasuka. Zianike kivulini hadi zikauke barabara, ukandike udongo kwanza, kisha uanze na ukuta unaopigwa na mvua, kwa kuwa huo ndio utakaokuonyesha kasoro mapema.