Hana Yori Dango, Nigehaji au Hotaru no Hikari: aliyezoea za Kikorea aanze na ipi?

MamaMapacha
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa tamthilia za Kikorea toka enzi zile unanunua DVD moja ina episodi zote halafu ikifika patamu inaganda. Sasa nimechoka, kila siku tajiri kampenda maskini, mama mkwe kaja na bahasha ya hela, mara mtu kapoteza kumbukumbu. Mdogo wangu kanipa flashi ina za Kijapani tatu, hizo za kichwa cha uzi, zote mapenzi na vichekesho na zote zimetoka kwenye manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani. Nina likizo ya wiki moja tu. Naombeni mnichagulie MOJA, msiniambie zote.

Mzee wa Sabtaito
Kama uliangalia Boys Over Flowers ya 2009, ile ya Lee Min-ho, basi Hana Yori Dango ushaijua bila kujijua. Ni manga ileile ya Yoko Kamio, Taiwan wakaitoa 2001 kwa jina la Meteor Garden, Japani wenyewe 2005, Korea ndo wakaja baadaye. Ila Mkorea kaivuta mpaka episodi 25, Mjapani kamaliza kwa 9, hakuna kuzungushana. Mimi nakwambia anza na hiyo kwa sababu ya Matsumoto Jun anayeigiza yule tajiri, Domyoji, ni mkorofi lakini mjinga wa kuchekesha, kila akitaka kuonekana msomi anatia methali halafu anaikosea mbele za watu na hajui kama kakosea.

chai_ya_rangi
Mkuu huyo dada kasema kachoka na tajiri kampenda maskini halafu unampa baba lao la tajiri kampenda maskini 😂

Mzee wa Sabtaito
Aisee kweli 😂 ila bado

BintiMvita
Nyinyi hamumtakii mema. Dada anza na Hotaru no Hikari ya 2007. Huyu Hotaru kazini msafi, kapiga pasi, akifika nyumbani tu nywele kazifunga juu ya utosi kama kitunguu, tisheti imechoka, bia mkononi, amelala chali barazani. Wanaume hataki, kutoka hataki. Wajapani wana jina la mwanamke wa hivyo, himono onna, na himono ni samaki wa kukaushwa, yaani ng'onda! Mimi mtu wa Mombasa niliposikia hiyo nilicheka mpaka mamangu akaja kuuliza kuna nini, maana kwetu ng'onda twaijua, kavu, haina shughuli na mtu. Halafu bosi wake wa kazini, mtu wa usafi na utaratibu, wanajikuta nyumba moja kwa sababu nyumba aliyopanga ni ya babake huyo bosi. Raha yote ni pale barazani wawili wanazozana usiku. Kisa chenyewe chepesi, sitakudanganya, na yule kijana anayempenda wa ofisini hana ladha.

Afande_J
Mbona hakuna aliyetaja Nodame Cantabile ya 2006? Wanafunzi wa muziki, demu chumba chake ni jalala na piano anapiga balaa. Symphony namba 7 ya Beethoven niliijulia humo.

MamaMapacha
Afande haimo kwenye flashi 🙏

chai_ya_rangi
Sikiliza, wewe ni mtu mzima una familia, angalia Nigehaji ya 2016. Mikuri kasoma mpaka masta, kazi ya mkataba wakamkata, akaenda kufanya usafi kwa jamaa mmoja fundi wa mifumo ya kompyuta, Hiramasa, miaka 35 hajawahi kuwa na mpenzi. Wanakubaliana waoane kwa mkataba, mke ni mwajiriwa, mshahara yeni 194,000 kwa mwezi, na wamekaa wamepiga hesabu kwa saa kabisa. Vituko vinaanza wanapotaka kuzoeana, wanapanga Jumanne iwe siku ya kukumbatiana, kwa ratiba! Ila kilichonimaliza mimi ni episodi ya 10, mnaoogopa kuhadithiwa rukeni, jamaa anamposa kweli na anaeleza kwamba wakioana ule mshahara hautalipwa tena, pesa itabaki, na Mikuri badala ya kulia kwa furaha anamwambia huko ni kunyonywa kwa kisingizio cha mapenzi. Nilisimamisha nikarudia. Za Kikorea sijawahi kuona mwanamke anauliza hilo swali. Na waigizaji wenyewe, Aragaki Yui na Hoshino Gen, wakaja kuoana kweli 2021.

BintiMvita
Hapo nimenyamaza. Lakini kwa kucheka tu, ng'onda haishindwi.

MamaMapacha
Mrejesho wakuu. Nilianza Nigehaji jana usiku, nimekula episodi tatu na mapacha wamelala. Baba Mapacha kajifanya anasoma simu kumbe anafuata sabtaito, ilipofika ile hesabu ya mshahara nikamwambia na mimi niletee mkataba. Kaamka kaenda kuangalia kama geti limefungwa, na tangu tuhamie hapa hajawahi kulifunga hilo geti hata siku moja.