Wanafunzi wakirudishwa makwao kwa sababu ya ugonjwa, mafundi wabaki chuoni kujenga kwa nini?

Mkadiriaji: Wakati wa korona mwaka 2020 madarasa yalifungwa, lakini ujenzi vyuoni uliendelea kwingi, eti kampasi ni tupu. Janga jingine likija, tufanye vilevile? Kwangu, ndiyo, kwa masharti: makundi ya watu wanane wasiochanganyika, zamu zisipishane getini, kila kundi na choo chake. Slabu, yaani sakafu ya zege, ikiachwa katikati, zege jipya halishikani vizuri na lililokauka, na nondo zilizo wazi zinaota kutu.

BintiRamani: Hoja ya mkandarasi hiyo. Maliza kumwaga, funga saiti. Kumwagilia slabu maji siku saba ili ikomae ni kazi ya watu wawili. Na kampasi tupu wapi? Watu wa maabara wapo, wanapita geti lilelile la malori ya kokoto.

Kokoto: Mnahangaika na slabu. Tatizo ni klorini ya kuulia vijidudu kuchanganywa na saidia fundi asiyejua hata kupima.

Mzee wa Karai: Kokoto, rudia! Anayepima zege moja-mbili-nne (saruji, mchanga, kokoto) kutwa nzima atashindwa moja kwa arobaini na tisa? Dawa ya asilimia 5, kopo 1. Maji, makopo 49. Unapata asilimia 0.1 ya kufutia mikono ya toroli, mipini ya koleo na vyuma vya ngazi. Anayekosea ni yule anayeleta galoni lisilo na lebo na kuagiza "tia kidogo tu".

Kokoto: Punguza moto, mkuu. Na likija galoni la asilimia 3.5? Kwa makopo yako 49 unabaki na 0.07. Hapo ni 1 kwa 34.

Mzee wa Karai: Hesabu nakupa. Ila kamfundishe mtunza stoo, ndiye anayelipokea galoni. Saidia fundi mwombe radhi.

Tabibu wa Saiti: Wazee, ugonjwa unasafiri kwa hewa, ninyi mko kwenye koleo. Pabaya kuliko pote ni kibanda cha kulia: barakoa zimevuliwa, watu ishirini bega kwa bega, kikombe kimoja cha maji. Toeni mabati ya ubavuni, leni kwa zamu. Halafu zile barakoa za vumbi zenye kivalvu zinamkinga anayevaa tu, pumzi yake inatoka bila kuchujwa. Na kitakasa mikono juu ya saruji ni kazi bure, sabuni na maji kwanza.

Kokoto: Klorini yenyewe ichanganywe kila asubuhi, jua linaiua. Wala isikutane na asidi ya kusafishia vigae, inatoa gesi ya kuua.

Tabibu wa Saiti: Bado uko kwenye klorini!

BintiRamani: Na kipima joto cha getini?

Tabibu wa Saiti: Aliyetembea juani paji linasoma juu, mwenye jasho linasoma chini. Mkalishe kivulini kama robo saa ndipo upime. Hata hivyo asiye na dalili anapita.

BintiRamani: Na mwenye dalili anameza vidonge vya homa alfajiri ili apite, maana asipoingia hapati ujira wa siku. Hapo karai wala kopo havisaidii.

Mkadiriaji: Ndiyo maana siku za kujitenga ziwekewe kifungu chake kwenye jedwali la bei kabla ya zabuni, chuo kilipe. Ukimwachia mkandarasi akadirie mwenyewe, ataandika sifuri ashinde kazi, halafu mgonjwa apewe pole.

BintiRamani: Kwa hiyo umekubali mtu alipwe akiwa nyumbani. Ulianza na slabu.

Mkadiriaji: Mgonjwa, dada. Sijasema saiti nzima.

Mzee wa Karai: Kokoto, radhi bado nasubiri. Na kopo liwe lilelile kwa dawa na kwa maji. Kuna watu wanapima dawa kwa kopo la rangi, maji kwa ndoo, halafu wanamsingizia saidia fundi.