Barbados kwa siku moja, tukiwa na bibi na mtoto: twende ufuo gani, na kwa usafiri gani?

Mama Wanza

Hamjambo wote. Mwezi wa pili tunasafiri kwa meli ya kitalii, na siku ninayoingojea kuliko zote ni ya Barbados. Meli inafunga gati Bridgetown saa mbili asubuhi na kung'oa nanga saa kumi na moja jioni. Tuko wanne: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa miaka sita ambaye bado hajui kuogelea, na mamamkwe aliyetoka Machakos kuja kukaa nasi huku Minnesota. Mama anasumbuliwa na magoti. Kutembea anatembea, ila ngazi na mchanga mlaini vinamchosha upesi. Tangu azaliwe hajawahi kuingia baharini. Ameniambia anataka maji yamfike kiunoni, hata mara moja tu, na nimeazimia alipate hilo.

Mume wangu naye ameona picha za Bathsheba, yale majabali makubwa yaliyosimama ufuoni, amekata shauri kwamba ndiko tutakakokwenda. Mwenzangu kazini anasema Carlisle Bay. Mwingine anasema Crane. Ziara zinazouzwa na meli, ukizidisha kwa watu wanne, bei yake inanikatisha tamaa. Je, tunaweza kujiendea wenyewe kwa basi za kule, au tuchukue teksi? Aliyefika anisaidie tafadhali.

Baharia wa Likoni

Mama Wanza, salamu kutoka baharini. Mimi ni mtu wa Likoni, nafanya kazi kwenye meli hizi hizi, upande wa vyumba, na Bridgetown ni bandari tuliyoizoea. Nikipata saa chache za kushuka, mimi ni wa majini moja kwa moja. Kwa hiyo nitakwambia ninavyopajua.

Weka picha kando kwanza, uangalie kisiwa kimekaaje na upepo. Barbados ni kadogo, urefu kilomita 34 na upana 23, lakini kamejitenga mashariki ya visiwa vingine vyote vya Karibiani, na upepo wa huko hutoka mashariki karibu mwaka mzima. Bathsheba iko joshini, yaani upande unaopigwa na upepo. Wimbi linalopasuka pale limevuka Atlantiki nzima bila kukingwa na chochote. Wapanda mawimbi wanatoka mbali kwa ajili ya sehemu moja ya pale iitwayo Soup Bowl, na wako sahihi, kwao ni neema. Kwa kuogelea hapana, hata kwa mtu mwenye kifua, maana mkondo wake unavuta kuelekea nje. Crane iko kusini mashariki. Ni pazuri kweli, mchanga wake una wekundu wa mbali, lakini wimbi lake lina nguvu na kushuka kwake ni ngazi. Kwa magoti ya mama, paache.

Magharibi ndiko demani, kisiwa chenyewe kinakinga upepo. Carlisle Bay iko upande huo, ukivuka mji tu, kama kilomita tatu kutoka bandarini. Ni ghuba pana iliyopinda, ukianzia Brownes Beach hadi ncha ya kusini, Pebbles Beach. Siku nyingi maji yake yametulia, na hatua chache kutoka ukingoni tayari uko kwenye kina cha kiuno. Mpitishe mama pale mchanga ulipolowa na kushikana, mmoja kulia mmoja kushoto, aingie taratibu. Viti na miavuli ya kukodi vipo. Na ufuo ni wa watu wote: Barbados hakuna hoteli yenye haki ya kukufukuza ukingoni mwa bahari, msiogope kupita mbele ya jengo la kifahari.

Kuna jambo moja la Pebbles ninalolipenda mno. Alfajiri farasi wa mashindano huletwa kutoka uwanja wa Garrison Savannah kuja kuogeshwa baharini. Siku moja nilikuwa nimesimama kwenye maji ya magoti, akapita farasi mweusi karibu nami, ameshazama hadi shingoni, mtunzaji wake anaogelea ubavuni na kamba mkononi. Nilisikia pumzi yake ikitoka puani kila anapopiga miguu. Saa mtakayofika nyie huenda wameshaondoka, kwa hiyo usimwahidi mtoto.

Sasa usafiri. Magari yanapita kushoto, kama kwetu. Basi za serikali ni za buluu zenye mstari wa njano. Minibasi ni za njano zenye mstari wa buluu. Halafu kuna vani nyeupe zenye mstari wa damu ya mzee, nambari zake zinaanza na ZR, na watu wanaziita hivyo hivyo, ZR. Ukipanda ZR utajiona uko ndani ya matatu ya Mombasa: muziki juu, konda mlangoni, kiti cha watatu kinakaliwa na wanne. Nauli ni dola 3.50 za Barbados, na tangu 1975 dola mbili zao ni sawa na moja ya Marekani, hivyo ni chini ya dola mbili zenu kwa kila mtu. Basi ya serikali haikurudishii chenji, uwe na pesa kamili ya kwao. ZR hupokea dola za Marekani bila matata.

Lakini mama mwenye magoti usimpandishe ZR asubuhi, kupanda na kushuka ni kwa haraka na nafasi ni finyu. Chukueni teksi. Nambari zake zinaanza na Z peke yake na hazina mita. Kabla hamjafungua mlango ulizeni mambo mawili: bei hiyo ni dola za wapi, na ni kwa kila mtu au kwa gari zima. Watu wengi hugombana na dereva mwisho wa safari kwa sababu hawakuuliza, na dereva mara nyingi hana kosa.

Zuhura, Toronto

Mama Wanza, nakubaliana na Baharia kuhusu Carlisle Bay, ila kwa Bathsheba naomba nimtetee mume wako. Hakuna aliyesema lazima aogelee. Sisi tulikubaliana na dereva wa teksi palepale bandarini kwa saa kadhaa, akatuvusha hadi upande wa pili kupitia mashamba ya miwa. Kwenda peke yake ni kama dakika 45. Yale majabali ni ya matumbawe, bahari imeyala chini yakabaki yamesimama kwenye miguu myembamba, na ukiyaona kwa macho unaelewa kwa nini mtu ameshikilia picha yake. Maji yakipwa, katikati ya miamba hubaki vidimbwi ambavyo watu hukaa ndani. Mtoto anaweza kuchezea hapo mkiwa mmemshika, lakini chini ni mawe yanayoteleza, mama abaki juu kwenye kivuli. Tulikaa kidogo, tukarudi kuogelea Carlisle Bay hadi mchana.

Kitu kingine ni mwani. Tangu 2011 Karibiani imekuwa ikipata mwani mwingi wa kahawia unaoelea kutoka Atlantiki, ukirundikana unanuka mayai viza. Hupiga zaidi mashariki na kusini mashariki, na miezi mibaya kwa kawaida huanzia kama Machi hadi Agosti. Kwa mwezi wa pili na upande wa magharibi, mnayo nafasi nzuri.

Na mkiwa na njaa msirudi melini! Kuleni samaki ndani ya mkate wa mviringo, wao wanaita cutter. Kilichonishinda kusahau ni pilipili yao ya njano, inachachuka na haradali. Bibi wa Machakos ataipenda.

Mudi wa Tanga

Naongeza mawili kwa ajili ya mtoto. Nguo za mabakabaka ya kijeshi Barbados ni marufuku kwa raia, hata kofia, hata kaptula ya mtoto. Kagua begi kabla hamjaondoka nyumbani.

La pili, kuna mti wa ufuoni uitwao manchineel. Matunda yake ni ya kijani, madogo, yanafanana na tufaha, na ni sumu. Utomvu wake unaunguza ngozi, na mvua ikinyesha usimkimbizie mtoto chini yake, maana matone yanayopita kwenye majani yanababua. Mingi imechorwa alama nyekundu kwenye shina, ila si yote. Mwambie asiokote tunda lolote mchangani.

Mama Wanza

Asanteni sana, jamani. Mume wangu amesoma yote na ameridhika na mpango wa Zuhura: Bathsheba kwa macho asubuhi, Carlisle Bay baadaye. Niulize mawili yaliyobaki. Mtoto anataka kuona kasa, je ni lazima tulipie boti? Na kurudi, tuondoke ufuoni saa ngapi?

Baharia wa Likoni

Nianze na kurudi, hilo ndilo linalonikosesha raha ninapoona abiria wanakimbia gatini. Meli huingoja ziara yake yenyewe ikichelewa, aliyejiendea haimngoji. Kama inaondoka saa kumi na moja, watataka wote wawe ndani nusu saa kabla au zaidi, someni karatasi ya siku hiyo. Mimi ningetoka ufuoni saa tisa kamili. Kilomita tatu si kitu, lakini barabara ya kupita Bridgetown hujaa jioni, na bandarini penyewe kuna mwendo kutoka lango hadi kwenye meli. Fuateni saa ya meli, si ya simu. Meli iliyotoka Florida wakati wa baridi huenda ikabaki na saa za huko, na Barbados iko mbele kwa saa moja. Mkinyimwa teksi, vibao vya vituo vya basi vimeandikwa "To City" au "Out of City". Nyie mtasimama penye "To City", kisha mjini mtapata teksi nyingine ya kuwafikisha bandarini.

Kuhusu kasa, Carlisle Bay wapo kweli, pamoja na meli kadhaa zilizozama ambazo samaki wamezifanya nyumba. Boti ndogo hutoka palepale ufuoni na safari si ndefu. Kwa kuwa mtoto hajui kuogelea, sharti awe na jaketi la kuokolea linalomkaa, la mtoto, si la mtu mzima lililokazwa kamba. Lijaribuni mchangani kabla hamjalipa. Wasipokuwa na saizi yake, aende baba na miwani ya kuzamia, mtoto abaki na wewe na bibi. Na mwenye boti akitoa chakula cha kuwavutia kasa, watoto wasinyooshe mkono, maana kasa huuma kidole akidhani ni samaki.