Tupeane uzoefu: estrojeni na mzunguko wako

Wadada, siku hizi kila kitu tunaisingizia homoni. Chunusi homoni, hasira homoni, hata uvivu! Tuweke hapa yale tuliyoyapitia wenyewe. Naanza mimi.

Hedhi ikikaribia, kipandauso kinanishika upande mmoja wa kichwa, hata mwanga wa simu siutaki. Nilipoanza kuandika tarehe, nikaona kinakuja siku moja au mbili kabla ya damu. Daktari akanieleza kuwa estrojeni, ile homoni ya kike, hushuka wakati huo, na kushuka huko ndiko kunakokichokoza. Sasa dawa nameza mapema. Kumbe tatizo si lazima iwe nyingi au kidogo, hata kupanda na kushuka kwenyewe kunaumiza.

Mama Kachanga: Mimi ni kunyonyesha. Hedhi kimya, na huko chini kukavu mpaka tendo la ndoa likawa adhabu. Nikahisi labda simtaki tena baba watoto 😂 Nesi akasema ukinyonyesha estrojeni hushuka, tutumie kilainishi. Kimesaidia. Ila msijidanganye, yai linaweza kupevuka kabla hedhi ya kwanza haijarudi. Mdogo wake huyu mtoto ni shahidi.

Mbio Ndefu: Mazoezi makali, chakula kidogo, hedhi ikakata. Baadaye mfupa wa mguu ukapata ufa bila hata kuanguka. Mifupa inaitegemea estrojeni, jamani.

Shangazi wa Wote: Nina miaka 49. Hedhi inaruka miezi miwili, ikirudi ni mafuriko, pedi haifikishi saa. Usiku shuka zinalowa jasho. Nikapima homoni, majibu "kawaida", nikaonekana nadeka. Daktari wa wanawake ndiye aliyenielewa: umri huu estrojeni inayumba, leo juu kesho chini, kipimo kimoja hakitoshi. Mwezi ambao yai halikupevuka, homoni ya projesteroni ya kuutuliza utando wa kizazi haipo, basi utando huo unazidi kunenepa tu. Alinipiga ultrasound, akachukua kipande cha utando kikapimwa. Salama.

Binti Mkubwa: Shangazi, shikamoo. Mama alikoma hedhi miaka mitatu iliyopita, juzi kaona damu kidogo. Anasema ujana umerudi.

Shangazi wa Wote: Marahaba mwanangu. Ikishapita miezi 12 bila hedhi, hata tone moja ni la kuchunguzwa, maana saratani ya kizazi nayo huanza hivyo. Mara nyingi huwa si saratani, lakini mpeleke wiki hii, usisubiri litoke tena.